Waliberali wenyewe ndio waliofungua mlango

Ndugu, unasema uliberali wa kale wa Uingereza uliuawa na Labour, chama cha wafanyakazi, kilipoingia madarakani mwaka 1945. Mimi naona Labour walikuta maiti imeshaoshwa.

Angalia tarehe. Chama cha Liberal, kile kile cha biashara huria na serikali isiyoingilia mambo ya watu, kilishinda kwa kishindo mwaka 1906. Mwaka 1908 kikapitisha pensheni ya wazee: hadi shilingi 5 kwa wiki kwa aliyefikisha miaka 70 na kipato chake ni kidogo. Mwaka 1911 ikaja sheria ya bima ya taifa. Kwenye bima ya ugonjwa, mfanyakazi mwanamume alikatwa peni 4 kwa wiki, mwajiri akatoa 3, serikali 2.

Sasa fikiria kazi iliyo nyuma ya hizo peni! Kadi, stempu za kubandika, wakaguzi, makarani wa kupekua nani kalipa na nani anaumwa kweli. Hapo ndipo utawala wa maofisa ulipoota mizizi, kimya kimya, bila mapinduzi. (Sisemi pensheni ilikuwa kosa. Mzee asiye na kitu hashibi nadharia.)

Halafu vita vya 1914 vikaja. Reli zikawekwa chini ya serikali, vijana wakaanza kuingizwa jeshini kwa lazima 1916, nyama na sukari vikatolewa kwa mgawo 1918. Waziri Mkuu alikuwa Asquith, kisha kuanzia Desemba 1916 Lloyd George, wote Waliberali; na Lloyd George ndiye yule yule aliyeleta bima ya 1911.