Dagaa, joto la ziwa na shamba la mlimani: tope linasemaje?

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Nalima mihogo na maharage mlimani, kaskazini mwa mji wa Kigoma, na mume wangu anavua dagaa. Kwenye mkutano wa kijiji tuliambiwa kwamba sisi wakulima wa mlimani ndio tunaoua ziwa, kwa sababu mvua ikinyesha udongo wetu wote unateremka majini. Mwanangu wa kidato cha tatu akasema hapana, ni joto, maana wanasayansi wanajua joto la bahari na maziwa tangu maelfu ya miaka. Nikamuuliza, wakati huo alilipima nani? Hakunijibu. Naomba unisaidie: joto la kale linajulikanaje, na dagaa wanapungua kwa sababu yangu au kwa sababu ya joto?

JIBU

Marahaba dada yangu. Swali ulilomuuliza mwanao ndilo lililoniingiza mimi kwenye kazi hii. Nilianza na tope la baharini, nikitafuta joto la Bahari ya Hindi la enzi za kale, na leo muda wangu mwingi unakwenda kwenye udongo unaotoka mashambani. Wengi huziona kama kazi mbili. Ziwa Tanganyika ndilo lililonifundisha kuzifanya kwa pamoja.

Nikupe kwanza jibu fupi. Dagaa wa katikati ya ziwa hawapungui kwa sababu ya mihogo yako. Ila shamba lako lina deni lake, nalo liko karibu na ufuo.

Joto la kale lilipimwa na viumbe walioishi majini wakati huo, na kipimo chao kikabaki kwenye tope. Baharini kuna vidudu wadogo kama chembe ya mchanga, foraminifera, wanaojijengea magamba ya chokaa. Ndani ya chokaa hiyo mna oksijeni nyepesi, ya 16, na nzito, ya 18. Maji yakiwa baridi, gamba hubeba ile nzito kwa wingi zaidi. Kidudu hufa, gamba huzama na kufunikwa. Kwa njia hii, mwaka 1955, mwanasayansi Cesare Emiliani alionyesha kwamba bahari ilipoa na kupata joto mara nyingi huko nyuma. Lakini enzi za barafu ile oksijeni nyepesi ilifungiwa kwenye barafu ya nchi kavu (miaka kama 20,000 iliyopita bahari ilikuwa chini ya ilivyo leo kwa mita 120 hivi), kwa hiyo gamba lenye oksijeni nzito laweza kumaanisha baridi, au barafu nyingi, au yote mawili. Ndiyo maana tunapima pia magnesiamu ya gamba hilohilo, ambayo huongezeka maji yakipata joto.

Ziwani kwetu foraminifera hawapo. Wapo vijiumbe wadogo zaidi, arkea, ambao mafuta ya ngozi yao hubadilika umbo kulingana na joto: joto likipanda, molekuli zile huwa na pete nyingi zaidi. Njia hii ilianzia kwenye tope la bahari mwaka 2002, kisha ikaletwa maziwani. Mwaka 2010 mwanasayansi Jessica Tierney na wenzake waliitumia kwenye tope la Tanganyika na kusoma miaka 1,500 mfululizo. Maji ya juu ya ziwa kuelekea mwisho wa karne ya 20 yalikuwa na joto kuliko wakati wowote katika miaka hiyo yote. Mwanao alisikia sawasawa.

Tanganyika ni daftari zuri kwa sababu lina kina kirefu, hadi mita 1,470, na chini ya mita 100 hadi 200 hakuna oksijeni. Hakuna konokono wala mnyoo wa kufukua tope, kwa hiyo kila msimu hulala juu ya uliotangulia. Tunazamisha bomba kwenye tope la chini ya ziwa na kulitoa likiwa limejaa; ukilipasua kwa urefu wake, kinachokuja kwanza ni harufu ya mayai viza. Kisha unaona mistari myembamba kama kurasa, mweusi na mweupe, mweusi na mweupe. Mweusi ni udongo wa masika. Mweupe ni mwani wa kiangazi wenye maganda kama kioo. Ukishika lenzi, humo katikati utaona gamba la samaki dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Umri wa tope la karibuni tunaupata kwa risasi-210, aina ya madini ya risasi yenye mionzi, ambayo hupungua kwa nusu kila miaka 22 hivi; la zamani tunatumia kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi inayopungua polepole zaidi.

Magamba hayo ya samaki yalihesabiwa. Mwanasayansi Andrew Cohen na wenzake, mwaka 2016, walionyesha kwamba mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla ya uvuvi wa kibiashara wa katikati ya karne ya 20, na yalipungua pamoja na kupanda kwa joto.

Joto linamnyimaje dagaa chakula? Wewe wa Kigoma utanielewa upesi. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hukaa juu ya maji baridi kama mawese juu ya mchuzi. Nitrojeni na fosforasi zinazolisha mwani zimezama chini. Mwiko wa kukoroga sufuria hii ni upepo wa kusini wa kiangazi, Mei hadi Septemba. Kadiri maji ya juu yanavyozidi kuwa na joto, ndivyo mwiko unavyoshindwa kufika chini. Mwani hupungua, wanyama wadogo wanaoula hupungua, dagaa hupungua, na migebuka wanaowala dagaa nao hupungua. Nyavu nazo zina sehemu yake, sitaificha mbele ya mke wa mvuvi. Ndiyo sababu mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa miezi mitatu. Lakini udongo wa kilima chako si sababu ya mabadiliko hayo ya huko kati.

Sasa deni. Udongo unaoshuka na kijito hauendi mbali. Mwingi hutua kwenye mdomo wa kijito na juu ya mawe ya ufuoni. Hapo ndipo wanapoishi samaki wadogo wa rangi wanaokwangua mwani kwenye mawe, konokono, na ostrakodi, ambao ni kama kamba wadogo sana ndani ya magamba mawili. Tangu miaka ya 1990 imeonekana kwamba penye tope jingi linaloshuka kutoka milima iliyokatwa miti, aina za ostrakodi huwa chache kuliko penye msitu. Kwenu tofauti hii iko jirani: vijito vya Gombe vinatoka msituni, wakati milima iliyo nje ya hifadhi imelimwa.

Na hapa bahari inarudi. Mwaka 1961 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida, na Afrika Mashariki ikapigwa na mvua kubwa mpaka maziwa yakafura. Mvua ya namna ile ikiukuta mlima una miti, maji hunywewa na ardhi. Ikiukuta umefyekwa na kuchomwa moto, mlima hushuka nayo. Ndiyo maana nasema kazi zangu ni moja: bahari ndiyo inayopanga ukubwa wa mvua, na mkulima ndiye anayepanga mvua ile itakuta nini.

Kwa hiyo acha kuchoma masalia kabla ya mvua za kwanza, maana hizo ndizo zinazokuta udongo mtupu. Maharage chini ya mihogo ni jambo jema, yaendeleze, yanafunika ardhi. Kando ya kijito sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60. Ninajua shamba ni dogo na mita 60 ni nyingi, lakini ukanda huo ndio unaodaka udongo mwingi. Matuta yakate kilima, yasishuke nacho. Chukua fito mbili ndefu sawasawa na moja fupi, uzifunge ziwe kama herufi A, uning'inize jiwe kwa kamba kutoka kileleni. Kabla ya kwenda nayo shambani, weka alama pale kamba inapogusa ule ufito wa kati penye sakafu sawa. Tembeza A hiyo shambani. Kila kamba inapokaa kwenye alama, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Chomeka vijiti hapo, kisha panda majani ya tembo kwenye mstari huo.

Halafu fanya kipimo chako mwenyewe. Siku ya mvua kubwa ya kwanza, kinga maji ya kijito chenu kwenye chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, uiache mezani usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi pima kwa rula kina cha udongo uliotua, andika tarehe kwenye karatasi na uibandike kwenye chupa. Mwakani, majani ya tembo yakishashika, kinga mahali palepale na uziweke chupa mbili kando kwa kando. Nitafurahi ukiniandikia vipimo vyote viwili, na umwambie mwanao ndiye asome rula.