Maswali ya Wasomaji: Alama Zinaficha Nini?

SWALI: Nafundisha Hisabati Darasa la Sita. Wanafunzi 60 wamefanya jaribio la maswali 40 ya kuchagua, wastani ukawa 22. Mkuu wa shule anataka tutumie takwimu kuboresha ufundishaji. Kompyuta ya ofisini ina Excel. Nianzie wapi?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, usiingize jumla peke yake. Wastani wa 22 haukuonyeshi cha kufundisha kesho, kwa sababu wanafunzi wawili wenye 22 wanaweza kuwa wamekosa mada tofauti kabisa. Ingiza herufi aliyochagua kila mtoto, mstari mmoja kwa mwanafunzi na safu moja kwa swali. Majina yakiwa safu A, maswali yatachukua B hadi AO. Mstari wa 2 uwe wa majibu sahihi. Kwenye AQ3 andika =IF(B3=B$2,1,0), kisha iburute kulia na chini (kompyuta nyingine hutaka nuktamkato badala ya koma). Sasa kila jibu sahihi ni 1, kosa ni 0.

Asiyefika siku ya jaribio mwondoe kabisa. Sifuri zake zitafanya kila swali lionekane gumu kuliko lilivyo. Aliyeruka swali mwandikie X. Ukikuta X zimejazana kuanzia swali la 36 hadi 40, muda ndio uliowaishia, na huwezi kusema mada hiyo hawaijui.

Wastani wa kila safu ya 1 na 0 ndio wepesi wa swali: 0.85 ni jepesi, 0.20 ni gumu. Kisha panga wanafunzi kwa jumla ya alama, uchukue asilimia 27 ya juu na asilimia 27 ya chini, mgao uliopendekezwa na mtaalamu wa takwimu za elimu Truman Kelley mwaka 1939. Kwa watoto 60 ni 16 kila upande. Swali likijibiwa sahihi na 14 wa juu na 5 wa chini, tofauti ni 9. Gawa kwa 16 upate 0.56. Hilo ni swali zuri, linatenganisha anayejua na asiyejua. Likijibiwa sahihi na 6 wa juu na 9 wa chini, utapata hasi 0.19. Hapo usiwalaumu watoto. Kagua kwanza jibu uliloliweka kuwa sahihi, halafu soma swali upya uone kama lina majibu mawili yanayokubalika.

Utajiri mkubwa zaidi uko kwenye majibu yaliyokosewa. Chukua swali hili: desimali ipi ni kubwa kuliko zote, 0.4, 0.35, 0.125 au 0.09? Aliyechagua 0.125 anasoma tarakimu baada ya nukta kama namba nzima: kwake 125 inaishinda 4. Wakiwa 20 wa namna hiyo, umeshajua somo la kesho, na kuwapa mazoezi zaidi ya kujumlisha desimali hakutawasaidia. Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Zisome uone makosa ya aina hii.

Usimhukumu mtoto kwa maswali mawili ya mada. Penye machaguo manne, anayebahatisha hupata yote mawili mara 1 kati ya 16. Yakiwa matano, kupata manne au zaidi kwa kubahatisha ni mara 1 kati ya 64.

SWALI: Programu ya simu ilionyesha umilisi (kiwango cha kuimudu mada) wa binti yangu katika hesabu za sehemu, kama nusu na robo, ni asilimia 30. Alijibu sahihi swali moja tu, ikaruka hadi 65. Ni 65 ya nini?
Mzazi, Mombasa

JIBU: Si alama, mama. Ni makadirio ya uwezekano kwamba ameshaelewa. Njia moja inayotumika sana ilielezwa na watafiti Albert Corbett na John Anderson mwaka 1995. Tuseme programu inachukulia asiyejua hupata kwa kubahatisha kwa uwezekano wa 0.25, anayejua huteleza na kukosa kwa 0.10, na kila swali humfundisha asiyejua kwa 0.10. Ukianza na 0.30, jibu moja sahihi hukupeleka hadi 0.61, na fundisho la swali hilo huifikisha karibu 0.65. Akikosa linalofuata, itaanguka hadi 0.28. Kwa hiyo subiri majibu mengi. Programu nyingi huhesabu umilisi kuanzia 0.95.

Hesabu hii inaamini kwamba anayejibu ni yule yule. Kaka yake akishika simu hiyo hiyo, takwimu zinaharibika. Kila mtoto awe na akaunti yake.

SWALI: Tunapima kasi ya kusoma Darasa la Pili. Mtoto akimaliza kifungu kabla ya dakika, tunahesabuje?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Toa makosa, gawa kwa sekunde alizotumia, zidisha kwa 60. Maneno 52, makosa 6, sekunde 48: ni 57.5 kwa dakika. Wengi husahau kuandika sekunde, na msomaji hodari anaonekana wa kawaida. Badilisha kifungu kila muhula, kwani watoto hukikariri. Na pamoja na wastani wa darasa, andika idadi ya waliopata sifuri. Hao wanahitaji kurudishwa kwenye silabi, na wastani hautawataja.