Muulize Anko: Rangi inalaumiwa, kumbe mwenye kosa ni ukuta

Mwezi huu karibu barua zote zimetoka kwetu huku Kaskazini, nahisi ni kwa sababu masika yamepita, mtu ukisogeza kochi ndo unaona nyuma yake kuna nini. Nimeanza na la mama wa Pasua maana linafanana na mengine kama nane niliyoyaacha.

Shikamoo anko. Ukuta wa sebuleni kwangu, ule unaopakana na jiko, rangi inavimba kuanzia chini mpaka usawa wa goti, ukigusa inadondoka kama maganda na nyuma yake kuna unga mweupe. Nimerudia kupaka mpaka nimechoka. Mara ya mwisho fundi akasema huku chini nipige rangi ya mafuta ndo itakaza, na yenyewe imetoa mapovu. Watu wananiambia rangi za sa hivi ni feki. Ninunue ipi? (Mama wawili, Pasua, Moshi)

Marahaba mama. Usinunue yoyote kwanza, hiyo hela itunze. Rangi mbovu zipo na zilizochakachuliwa kwa maji zipo, sibishi, ila dalili zake ni zingine: ukipitisha kiganja ukutani unatoka na vumbi la rangi, au ukifuta kwa kitambaa kibichi inafutika. Rangi mbovu haichagui kuvimba chini tu ikaacha juu. Kinachovimba kuanzia chini ni maji, na huo unga mweupe ni chumvi, wengine wanaita magadi. Chumvi hiyo ipo kwenye simenti, kwenye mchanga, hata kwenye udongo wenyewe, sasa maji yakipanda ukutani yanaibeba, yakifika usoni yanakauka yenyewe chumvi inabaki, inaganda inaongezeka mpaka inaisukuma rangi nje. Ndo maana hata upake ya bei gani itaanguka tu. Na ile ya mafuta ndo kabisa, kwa sababu haipitishi unyevu, maji yanakwama nyuma yake unaona mapovu. Fundi wako alifanya lile ambalo mafundi wengi wanafanya, kuziba, na kwa wiki mbili tatu panapendeza kweli.

Kwa hiyo tafuta maji yanatoka wapi. Kata kipande cha nailoni ngumu, kibandike ukutani kwa tepu pande zote nne pasipite hewa, kiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumbani ni mvuke wa humo humo ndani, la kwako sidhani kama ni hilo. Alafu kwa kuwa ukuta unapakana na jiko mimi ningeanza na bomba la sinki, funga koki zote za nyumba nenda kasimame kwenye mita, kama kishale bado kinazunguka kuna sehemu inavuja. Kama mita imetulia bado usilisamehe sinki, chungulia na bomba la maji machafu chini yake maana hilo mita hailioni. Huko kukiwa salama, zunguka nje. Udongo umepanda kuliko sakafu ya ndani? Hili ni tatizo kubwa sana Moshi, mtu anajaza kifusi apande maua yake yapendeze, kifusi kinazidi ile nailoni iliyowekwa juu ya msingi kuzuia maji, na kila jioni anamwagilia. Angalia na gata, kama imetoboka inamwaga yote pale pale kwenye msingi.

Ukishaziba chanzo, kwangua rangi yote iliyolegea, na ukwangue mpaka uvuke kidogo pale panapoonekana pazima. Unga mweupe uusugue na brashi kavu, nasema kavu, maana ukiosha na maji chumvi inayeyuka inarudi ndani utaonana nayo tena. Fagia utoe nje. Utatokea tena, sugua tena. Lipu ikiwa inamung'unyika ukibonyeza, bomoa hicho kipande upige mpya. Baada ya hapo ni kusubiri ukauke, na hapa watu wengi wanakosa uvumilivu, ukuta ulionyonya maji msimu mzima hauwezi kukauka kwa wikiendi moja, ni wiki kadhaa, madirisha wazi, kochi mbali. Ukikauka paka rangi ya maji ya kawaida. Ya mafuta huko chini achana nayo hata kama watoto wanachafua.

Anko mambo, mi nimepanga chumba Sakina, futi 10 kwa 12, kuta za bluu ile ya kung'aa, nataka nyeupe na nipake mwenyewe maana fundi kaniambia hela ndefu. Mangi wa hadiwea anasema galoni moja ya lita 4 inatosha. Ni kweli? Na naanzia wapi? (Chalii wa Sakina, Arusha)

Poa chalii. Kwanza mwenye nyumba anajua? Muulize, kuna wenye nyumba wanakuja juu kwa kupigilia msumari sembuse rangi. Na ukiongea naye vizuri anaweza akakukatia hela ya rangi kwenye kodi, imetokea kwa wengi.

Galoni moja haitoshi. Chumba chako ukizunguka kuta zote ni futi 44, mita 13 na kitu, ukichukulia urefu wa kwenda juu futi 9 ukatoa mlango na dirisha zinabaki kama mita za mraba 33. Rangi ya maji lita moja kwenye ukuta laini inatembea kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, na unapiga mikono miwili, kwa hiyo unahitaji lita 6 na nusu hivi. Chukua galoni mbili. Mangi hajakudanganya kwa ubaya, yeye kapiga hesabu ya mkono mmoja, au kakuhesabia na maji utakayoongeza. Hayo maji nayo soma kwenye ndoo wameandika kiasi gani, usizidishe, rangi iliyolainishwa sana inachuruzika na kesho bluu inakuchungulia.

Kazi kubwa kwako ni hiyo bluu ya kung'aa. Inanukia rangi ya mafuta hiyo. Kupima, lowesha kitambaa na spiriti usugue sehemu iliyojificha, kama rangi inalainika inahamia kwenye kitambaa ni ya maji, kama haijali ni ya mafuta. Ukipaka rangi ya maji moja kwa moja juu ya mafuta itashika siku hiyo hiyo na utafurahi, alafu siku unabandua kalenda inatoka na karatasi nzima ya rangi. Futa kwanza na maji ya sabuni, hasa karibu na jiko kama unapikia humo humo, mafuta ya kupikia hayaonekani ila yapo. Alafu piga msasa wa maji mpaka ule mng'ao ufe, huna haja ya kufika kwenye simenti. Uloweshe, usikwangue kikavu, kwa sababu rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu hasa kwa watoto. Futa, acha ikauke, piga andakoti, ile rangi ya chini ya kutangulia, mkono mmoja, hiyo ndo itafunika bluu na kushika rangi yako mpya. Puti jaza matundu ya misumari kabla ya andakoti, siyo baada.

Siku ya kupaka, dari kwanza kama unaipaka, ndo uje kuta, mlango mwisho. Zima meni swichi kabla hujafungua vifuniko vya soketi. Kona na kingo zipite na brashi ya inchi 2, ukuta mmoja mmoja, kisha rola hapo hapo brashi ikiwa bado mbichi, ukimaliza kona zote za chumba ndo ushike rola utaona mchoro wa fremu kila ukuta. Rola usiigandamize, ikiisha rangi chovya tena. Ukiwa unapumzika usiku kabla ya mkono wa pili ifunge rola kwenye mfuko wa nailoni isikauke, asubuhi unaendelea. Na kama baadaye utachanganyiwa rangi ya kutengenezwa dukani, mimina galoni zote kwenye ndoo moja ukoroge, mbili zinaweza zisifanane.

Habari anko. Nyumba yetu Usa River lipu imemalizika juzi, tunataka tuhamie mwisho wa mwezi. Fundi anataka apige jipsamu pauda vyumba vyote mpaka bafuni, apake wiki hii. Tumruhusu? (Baba Mjenzi)

Hapana kaka, mzuie. Lipu mpya inahitaji kama wiki nne, na hii baridi ya Juni, Julai pengine zaidi, jua lenyewe linatoka saa nane. Ikiwa mbichi simenti bado ni kali, inakula rangi unaona mabaka. Jipsamu vyumbani sawa, bafuni hapana, ikipata maji inalainika, huko atumie puti ya simenti. Kama lazima mhamie, hamieni na lipu tu, rangi mtapaka mkiwa ndani, siyo aibu, nusu ya Usa wanaishi hivyo.

Anko, nyuma ya kabati la nguo ukutani kumekuwa kweusi na nguo zinanuka ukungu. Nipake rangi nyeusi kabisa au? (Dada wa Moshono)

Umenichekesha dada. Hizo ni fangasi, ukipaka juu yake zitatokeza tena. Jiki kikombe kimoja kwa maji vikombe vitatu, vaa glavu, fungua dirisha, paka uache dakika 15 usugue ufute. Usiichanganye na dawa ya choo, inatoa gesi ya hatari. Ukuta ukikauka ndo upake. Na kabati lisogeze kiganja kimoja toka ukutani, huo ukuta wa nje unapoa sana usiku, pumzi za watu wawili wanaolala na dirisha limefungwa zinagandia hapo.

Kuna tatizo kupaka milango rangi ya mafuta tukiwa tunalala humo na mtoto mchanga? (Moshi, hakutaka kutajwa)

Lipo. Mtoto akalale kwa bibi mpaka harufu iishe. Na tina ya kulainishia rangi ya mafuta inashika moto haraka sana, jiko la mkaa litoke nje kabla hujafungua kopo.