Lenzi pana kwa Kibo na Materuni

Dada, umeuliza ununue lenzi pana (inayoingiza eneo kubwa kwenye picha) ya Canon 10-18mm au Tokina 11-16mm kwa kamera yako ya Canon yenye sensa ndogo (kipande cha ndani kinachopokea mwanga), upigie picha Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na maporomoko ya Materuni.

Ukiwa Moshi mjini, lenzi pana hivyo itaifanya Kibo ionekane kama kichuguu nyuma ya nyaya za umeme. Mlima upige kwa lenzi yako ya 18-55mm, inayovuta karibu zaidi. Materuni ndiko lenzi pana inakofaa: unachuchumaa karibu na jiwe lililolowa, linajaa mbele ya picha, na maji yote yanaingia mpaka yanakoanzia juu. Kwa sensa yako zidisha 1.6, yaani 10mm inakuwa kama 16mm kwenye kamera ya sensa kubwa (full-frame).

Mimi ningechukua 10-18: nyepesi, nafuu, inapunguza mtikisiko wa mkono. Tokina ya f/2.8, inayoingiza mwanga mwingi zaidi, ni ya nyota usiku. Na beba kitambaa kikavu, manyunyu ya pale hayakupi nafasi.