Roose aliwezaje kudundisha mpira hadi mstari wa kati?

SWALI: Mwalimu, nasomea uamuzi wa soka. Nimesoma kwamba Leigh Richmond Roose, golikipa wa zamani wa Wales, alikuwa akitoka golini na mpira mikononi hadi karibu na katikati ya uwanja. Mbona hakupulizwa filimbi? Na kama iliruhusiwa, kwa nini makipa wenzake hawakumuiga?

JIBU: Hakupulizwa kwa sababu hakukosea. Enzi hizo kipa aliruhusiwa kuushika mpira popote katika nusu yake ya uwanja. Boksi la mstatili tunalolijua lilichorwa mwaka 1902, lakini kwa miaka 10 ya mwanzo halikuwa mpaka wa mikono ya kipa. Kilichokatazwa ni kuubeba mpira zaidi ya hatua mbili. Sasa tazama alivyoitumia kanuni hiyo: anayedundisha mpira chini habebi. Kwa hiyo Roose alidaka, akapiga hatua, akadundisha, akasonga tena, mpaka alipoona nafasi ya kuupiga au kuurusha mbele kabla mabeki wa timu pinzani hawajajipanga. Hilo lilikuwa shambulizi la kushtukiza linaloanzia kwa kipa, na mimi nalihesabu kuwa ubunifu mkubwa wa kiufundi.

Wenzake walikuwa na sababu nzuri ya kubaki golini. Mshambuliaji aliruhusiwa kumkumba kwa bega kipa mwenye mpira. Ukikumbwa mita 30 kutoka golini, mpira ukakuponyoka, nyuma yako hakuna mtu. Roose alikuwa na mwili wa kuhimili, kimo chake kikizidi futi sita, na hakuogopa kugongana.

Alizaliwa mwaka 1877 huko Holt, karibu na Wrexham, mtoto wa mchungaji. Akiwa Aberystwyth, alikosoma chuo, alitwaa Kombe la Wales mwaka 1900 na timu ya mji huo, na mwaka huohuo akaichezea Wales kwa mara ya kwanza, dhidi ya Ireland. Hadi 1911 alikuwa amefikisha mechi 24, na alikuwemo katika kikosi kilichoipa Wales ubingwa wake wa kwanza wa mataifa ya Uingereza, mwaka 1907. Alibaki mchezaji wa ridhaa, asiyelipwa mshahara ila gharama zake tu. Wachezaji wa kulipwa hawakuweza kuziacha klabu zao wapendavyo. Yeye alihama kwa urahisi: Stoke, Everton, Sunderland, hata mechi moja Celtic, kisha Huddersfield, Aston Villa na Arsenal. Desemba 1908 alikuwa golini Sunderland ilipoichapa Newcastle 9-1 ugenini, mabao manane yakiingia kipindi cha pili. Na Newcastle hiyohiyo ndiyo iliyochukua ubingwa wa ligi msimu ule!

Mwaka 1912 sheria ikabadilishwa, mikono ya kipa ikaishia ndani ya boksi. Wengi humtaja Roose kuwa ndiye chanzo, na kweli hakuna aliyeitumia ruhusa ile ya zamani kwa umaarufu kama wake. Msimu wake na Arsenal, 1911/12, ulikuwa umekwisha. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilipoanza alijiunga na jeshi, akatunukiwa Nishani ya Kijeshi kwa ushujaa, akauawa kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa, Oktoba 1916.

Kwa mitihani yako, shika haya. Leo kipa akiushika mpira nje ya boksi, ni kosa la kunawa kama la mchezaji mwingine yeyote: pigo huru la moja kwa moja. Kadi nyekundu haitoki hivihivi. Inatoka akiwa amezuia bao au nafasi ya wazi ya kufunga. Ndani ya boksi, kudundisha hakumpi tena nafuu, maana sheria inasema kipa anayedundisha mpira bado anaumiliki. Mpinzani haruhusiwi kumvamia, lakini wewe endelea kuhesabu: akizidisha sekunde 8, kwa sheria ya tangu 2025, wapinzani wanapewa kona.