Kosa si kuuza, kosa ni kumbana haji

Wiki hii mmeuliza: "Je, biashara imeziharibu safari za hija?" Swali linadhani kwamba zamani hija ilikuwa ibada tupu, wachuuzi wakaja kuivamia baadaye. Sikubaliani. Kabla ya Uislamu, msimu wa kuhiji Makka ulikwenda sambamba na masoko ya Ukadh, Majanna na Dhul-Majaz. Waislamu wa mwanzo wakaingiwa na wasiwasi kama ni halali kuchuuza wakiwa katika hija, ndipo ikashuka aya ya 198 ya Suratul Baqara: si vibaya kwenu kutafuta fadhila za Mola wenu. Na kweli, kwa msafiri wa miezi kadhaa, bidhaa alizobeba ndizo nauli na chakula chake.

Huko Strasbourg, mwaka 1438, Gutenberg na wabia wake waliwekeza katika vioo vidogo vya kuwauzia mahujaji wa mji wa Aachen, Ujerumani, walioamini kwamba kioo hunasa baraka za masalia matakatifu. Hija ikaahirishwa kutoka 1439 hadi 1440, mtaji ukakwama. (Ndiye huyu huyu aliyekuja kuchapa Biblia.) Vioo hivyo sioni vilimdhuru nani, asiyetaka hakununua.

Ninacholaumu ni pale haji anapokosa pa kukimbilia. Katika Hekalu la Yerusalemu, kodi ya nusu shekeli ililipwa kwa fedha ya mji wa Tiro. Ukifika na sarafu nyingine, huna budi kupita kwa wabadilisha fedha, nao wana chao. Sadaka nazo hivyo hivyo. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasimulia kuwa jozi ya njiwa wa sadaka iliwahi kufika dinari ya dhahabu, yaani dinari 25 za fedha. Fikiria mama maskini anayedaiwa jozi moja kwa kila uzazi. Rabani Simeoni bin Gamalieli, mwalimu wa sheria hizo, akaapa kwamba hatalala usiku huo mpaka njiwa washuke hadi dinari moja ya fedha. Akaingia katika baraza la sheria, akafundisha kwamba mwanamke mwenye deni la uzazi tano akitoa sadaka moja inamtosha kuruhusiwa kula nyama ya sadaka, nyingine halazimiki. Wahitaji wa njiwa wakapungua, na siku hiyo hiyo bei ya jozi ikashuka chini ya dinari moja ya fedha. Hakumfukuza muuzaji hata mmoja, wala hakutangaza bei elekezi.