Hoteli inataka tarehe kamili ya watoto wa kasa kutoka: tufanyeje?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha kulinda kasa kijijini kwetu, pwani ya Kilwa. Kuna hoteli iko tayari kutuletea wageni wanaolipa, lakini inataka tuwape tarehe kamili ya watoto kutoka. Ikishindikana, wanapendekeza tuwaweke watoto kwenye ndoo hadi wageni wafike, au tuhamishie viota vyote karibu na hoteli. Baadhi ya viota kwetu hufikiwa na maji ya bamvua, yaani bahari inapojaa kuliko kawaida mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Tuhamishe vipi? Na fedha tugawane namna gani?

JIBU: Ndugu katibu, tarehe kamili haipo, na yeyote atakayewaahidi anauza asichokuwa nacho. Kilichopo ni dirisha la siku kadhaa. Mayai ya kasa wa kijani huchukua siku 50 hadi 65 hivi. Mchanga ukiwa na joto huwahi, na upepo wa kusi ukileta baridi na mvua huchelewa. Kiota kilichotagwa usiku wa kuamkia 3 Aprili, kianze kulindwa kila jioni tangu 23 Mei, na msishangae kikifika 7 Juni. Ndiyo maana daftari la doria ndilo mtaji wenu. Kiota kisicho na tarehe ya kutagwa hakifai kuitiwa mgeni.

Baada ya kupasua maganda, watoto hukaa chini ya mchanga siku tatu, nne, pengine zaidi, wakipanda pamoja. Wakikaribia juu, mchanga hutitia na kuacha kishimo kidogo. Mlinzi akiona dalili hiyo alasiri, piga simu hotelini palepale, maana wengi hutoka giza likiingia na mchanga wa juu kupoa. Usiku huo unaweza pia kupita bila kitu, na mgeni ajue hivyo kabla hajalipa.

Njia ya uhakika zaidi kwenu ni kuuza kazi ya kufungua kiota. Kundi kubwa likishatoka, nyayo zake zitaonekana asubuhi. Hesabuni saa 48 hadi 72, kisha fukueni kiota kwa mkono mnamo saa 11 jioni na kuhesabu maganda, mayai yasiyoanguliwa, waliokufa na waliokwama wakiwa hai. Hapo hoteli inapata taarifa ya siku mbili au tatu mapema, na kikundi kinapata takwimu ambazo kingezichukua hata bila mgeni. Wakati mwingine hakuna hata mmoja aliyekwama. Liandikeni hilo kwenye makubaliano. Wala msisogeze siku ya kufungua kwa sababu wageni wamechelewa ndege. Aliyekwama chini hana siku nyingi.

Ndoo ikataeni. Mtoto wa kasa hutoka na akiba ya kiini cha yai tumboni, na akiba hiyo ndiyo inayompa nguvu ya kuogelea mfululizo takriban saa 24 za mwanzo, avuke maji ya karibu yenye samaki wengi. Akikaa ndooni usiku kucha anatapatapa na kuitumia bure, hasa akiwekwa kwenye maji, kwa sababu maji humfanya aogelee. Akiachiwa mchana kwa ajili ya picha nzuri, kunguru na samaki wanamwona. Kuna hali moja tu ya kumhifadhi: amekutwa juani mchana. Mweke kwenye chombo chenye mchanga mbichi kidogo, bila maji, gizani na kivulini, kisha mwachie jioni ileile.

Jioni ya wageni, kumi na wanne au kumi na watano kwa kiota kimoja wanatosha. Wasimame nyuma ya kiota, upande wa nchi kavu, wala asisimame mtu kati ya kiota na bahari. Kabla ya hapo lainisheni njia ya kuelekea majini, kwa sababu unyayo wa mtu ni shimo kubwa kwa mtoto wa urefu wa sentimita 5. Hakuna kugusa, mikono yao ina mafuta ya jua na dawa ya mbu. Hakuna mwanga wa kamera. Tochi nyekundu aishike mlinzi peke yake. Taa za hoteli ndizo sababu ya kukataa kuhamishia viota huko: watoto huufuata mwanga na kuikimbilia veranda badala ya bahari.

Sasa bamvua. Tazama mstari wa mwani uliotupwa na bamvua kubwa. Kiota kilicho juu ya mstari kisiguswe. Hata kilichopo juu yake kidogo tu, kinachorushiwa maji mara moja moja, huvumilia. Kinachokufa ni kile kinachotuamisha maji au ambacho mawimbi yanakula mchanga wake. Hicho kihamishwe ndani ya saa 2 tangu kutagwa, na zisizidi saa 6. Baada ya hapo kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika ndani ya yai, hujishikiza kwenye ganda, na yai likigeuzwa kinaweza kufa. Kiota kilichochelewa kukutwa mkiache, isipokuwa bahari inakichukua kweli.

Fukua kwa mkono, na ukifika kwenye yai la kwanza pima kina, kisha pima tena sakafuni. Kwa kasa wa kijani sakafu huwa sentimita 70 hadi 80, kwa kasa aina ya ng'amba karibu 45 hadi 50. Weka mchanga mbichi wa kiota chini ya ndoo, toa mayai moja moja bila kuyazungusha, yafunike yasipigwe jua. Shimo jipya liwe na kina kilekile na umbo la kibuyu, shingo nyembamba na tumbo pana. Rudishia mchanga mbichi. Ule mkavu wa juu usiporomokee kwenye mayai. Kosa la kawaida ni kuchimba kina kifupi chini ya mti kwa kuhurumia jua: mizizi huyaingia, na joto tofauti hubadili uwiano wa majike na madume, kwani mchanga wa joto zaidi huzaa majike zaidi.

Haya yote yanahitaji kibali cha ofisa uvuvi, au cha hifadhi ya bahari mkiwa ndani ya eneo lake, kwa kuwa kasa na mayai yake wanalindwa na Sheria ya Uvuvi ya 2003 na kanuni za 2009.

Kuhusu fedha, kubalianeni kwenye mkutano wa kijiji kabla ya msimu, na hoteli ilipe kwenye akaunti, siyo mkononi mwa mlinzi. Walinzi walipwe kwa doria, awepo mgeni au asiwepo. Mkilipa kwa idadi ya wageni, viota vya mbali havitalindwa. Mvuvi anayeripoti kiota apewe sehemu siku kiota kinapothibitishwa na sehemu iliyobaki baada ya maganda kuhesabiwa. Ukimlipa yote mwanzoni, mayai yakiliwa na mbwa, au na watu, hana cha kupoteza.